Mashine Ndogo ya Kuangulia Mayai Nyumbani

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya ufugaji wa kuku, na hasa juu ya kile kisanduku ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za mjini na za shamba, yaani mashine ndogo ya kuangulia mayai. Wako watu wanaoisifu kupita kiasi, na wako wanaoilaani kwa sababu iliwapotezea mayai yao. Sisi hatutaki kuisifu wala kuilaani. Twataka kuieleza, ili yule atakaye kuitumia ajue kazi inayomngoja, na yule isiyemfaa aziweke fedha zake.

Kwanza tujiulize: Kwa nini mtu atafute mashine, na hali kuku anayo kazi hiyo tangu alipoumbwa? Sababu ni hii. Kuku wetu wa kienyeji akilalia mayai 10 au 12, hukaa juu yake siku 21, na siku hizo zote hatagi. Vifaranga wakitoka, huwatembeza na kuwalinda majuma mengi, na muda huo pia hatagi. Ukihesabu tangu siku aliyoanza kulalia hata siku atakapotaga tena, utaona miezi mitatu hivi imekwisha pita. Tena kuku hulalia apendapo yeye, si utakapo wewe. Mashine yaweza kupokea mayai ya kuku wengi kwa mara moja, vifaranga wote wakatoka pamoja, na mama zao wakarudi kutaga. Hiyo ndiyo faida yake.

Wala kazi hii si mpya duniani. Watu wa Misri wa zamani walikuwa wakiangua mayai kwa maelfu katika matanuri ya matofali ya udongo, na Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari za mayai ya Misri yaliyoanguliwa kwa kufukiwa katika samadi yenye joto. Mafundi wa matanuri yale hawakuwa na kipimajoto. Walichukua yai wakaligusisha kwenye kope la jicho, na kwa mguso ule walijua kama joto ni la kadiri au limezidi. Baadaye sana, mwaka 1881, Bwana Charles Hearson wa London alitengeneza mashine yenye kidonge chembamba cha madini kilichotiwa dawa ndani. Joto likizidi, kidonge kilivimba na kuinua kifuniko juu ya taa, moto ukapungua wenyewe. Mashine nyingi za leo hufanya kazi hiyo kwa umeme, lakini shabaha ni ile ile ya fundi wa Misri: joto lisizidi wala lisipungue.

Sasa twawaambia habari zetu wenyewe. Tulipopata mashine yetu ya kwanza, ya mayai 40, hatukuwa na mayai ya kuijaza. Mayai 25 yalikuwa yetu, na 15 yalikuwa amana ya mama mmoja jirani yetu, ambaye aliyaweka asiyapeleke sokoni, kwa tumaini la kupata vifaranga wa kuwakuza na kuwauza, apate kuwanunulia watoto wake madaftari. Tuliiweka mashine karibu na dirisha, ili tuione vizuri. Kipimajoto tulikitundika juu, chini ya kifuniko. Na siku zilipokaribia kutimia, kwa hamu yetu, tulikuwa tukifungua kila saa kutazama. Siku ya 21 walitoka vifaranga 9 tu, na kwa alama tulizotia katika maganda tulijua kwamba wa jirani yetu ni 2. Juma lile lile kuku wake mwenyewe, aliyelalia mayai 12 nyuma ya ghala, alitoka na vifaranga 11.

Mama yule hakutugombeza. Alitazama sanduku letu, akasema, “Ndugu zangu, sanduku mmelinunua, lakini mwenye kazi yake hamkumwuliza.”

Maneno yale yalituingia kuliko matusi. Tukamlipa mayai yake, kisha tukaenda kumtazama kuku anavyofanya kazi. Yote tutakayowaambia leo yametoka katika shauri lile: mashine haina akili yake yenyewe. Mtu anayeiwasha amejifanya kuku kwa siku 21, basi na ajue kuku hufanya nini. Kuku huyapa mayai vitu vinne: joto, unyevu, kugeuzwa, na hewa. Tuvieleze kimoja kimoja.

Kitu cha kwanza ni joto. Katika mashine yenye feni ndani, joto linalotakiwa ni digrii 37.5 za Sentigredi. Katika mashine isiyo na feni, hewa ya moto hupanda juu na ya baridi hukaa chini, kwa hiyo kipimajoto yapasa kiwe usawa wa mgongo wa mayai, nacho kisome digrii 38.5 hivi. Hapo ndipo tulipokosea sisi. Chetu kilikuwa juu penye moto, kikatuambia joto latosha, na huku mayai chini yaona baridi. Na dirisha lile lilileta kosa la pili, maana jua la alasiri lilipiga sanduku na kuzidisha joto tusipokuwapo. Iwekeni mashine katika chumba kisicho na jua wala upepo, mbali na jiko, juu ya meza isiyotikisika.

Kumbukeni pia jambo hili: joto lililozidi huua upesi kuliko joto lililopungua. Kuku mwenyewe hutoka kiotani mara moja kwa siku kwenda kula na kunywa, na mayai hupoa kidogo, wala hayadhuriki. Lakini joto likipanda kupita digrii 40 likakaa huko kwa saa kadha, vifaranga wengi hufa ndani ya maganda. Basi umeme ukikatika, msifanye fujo. Msifungue fungue. Funikeni mashine kwa blanketi, lakini matundu ya hewa yaachwe wazi, na umeme urudipo kitazameni kipimajoto mpaka kitulie.

Kama mwakishuku kipimajoto chenu, kipelekeni mbele ya shahidi. Chukueni kipimajoto cha homa, kama kile cha zahanati, mkitie pamoja na chenu katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye joto kama la mwili, msome vyote viwili. Vikitofautiana, andikeni tofauti ile juu ya sanduku, mwihesabu kila siku.

Kitu cha pili ni unyevu. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana kwa maelfu, na maji ya yai hutoka kwa njia hiyo polepole. Yapasa yatoke, lakini kwa kadiri. Yai lenye uzito wa gramu 50 siku ya kwanza, ifikapo siku ya 18 lifae kuwa na gramu 44 hivi. Likipungua sana, kifaranga hukauka na kugandamana na ngozi ya ndani. Likipungua kidogo mno, hukosa nafasi ya hewa, akafa kama aliyezama. Kwa hiyo huwekwa bakuli ya maji ndani ya mashine. Kwa siku 18 za kwanza unyevu uwe sehemu 50 hadi 55 katika 100, na kwa siku tatu za mwisho uwe 65 hadi 70. Mtu wa Mombasa au Tanga wakati wa masika huenda akahitaji bakuli ndogo tu, lakini mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi atahitaji bakuli pana zaidi. Angalieni, tumesema pana, hatukusema yenye kina, maana unyevu hutoka katika uso wa maji.

Kitu cha tatu ni kugeuzwa. Mtazameni kuku kiotani: mara kwa mara huingiza mdomo chini ya kifua chake akayasukuma mayai. Yai lisipogeuzwa, kifaranga mchanga huelea juu akagandamana na ganda, naye hafiki mwisho. Kama mashine yenu haigeuzi yenyewe, geuzeni kwa mkono, pasipungue mara tatu kwa siku: tuseme saa 12 alfajiri, saa 8 mchana, na saa 4 usiku. Kila yai litiwe alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, kwa kalamu ya risasi, si kwa wino. Hesabu ya kugeuza isiwe shufwa bali witiri, yaani mara tatu au tano, ili upande uliolala usiku wa leo usiwe ndio utakaolala usiku wa kesho. Na mikono ioshwe kwanza.

Kitu cha nne ni hewa. Kifaranga huvuta hewa kabla hajazaliwa, kupitia vitundu vile vile vya ganda, na kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji hewa zaidi. Matundu ya mashine yasizibwe kwa kisingizio cha kuhifadhi joto. Na wale wanaotumia mashine ya taa ya mafuta wajihadhari sana. Moshi usiingie kwenye mayai. Joto lipite katika bomba, na moshi utoke nje. Utambi ukatwe kila siku, na taa itolewe nje ya chumba na kuzimwa kabla ya kutiwa mafuta. Sanduku la mbao lenye moto chini yake si kitu cha kuachiwa watoto.

Hayo ndiyo mambo manne. Sasa tueleze kazi yenyewe tangu mwanzo wake.

Mayai yachaguliwe. Mashine haiwezi kuangua yai lisilo na mbegu, kwa hiyo kuku wa mayai wawe na jogoo, mmoja kwa koo 8 hadi 10. Chukueni mayai ya umbo zuri, yasiyo makubwa mno wala madogo mno, yasiyo na ufa. Yaliyochafuka sana yaachwe, wala msiyaoshe, maana maji huondoa utando wa nje unaozuia vijidudu. Yawekwe mahali penye baridi ya kadiri, ncha nene ikiwa juu, na yasikae zaidi ya siku 7. Mayai ya majuma matatu yaliyokusanywa katika kikapu juani ni mayai ya kukaanga, tena kwa kubahatisha.

Mashine iwashwe tupu mchana kutwa na usiku kucha, mpaka joto litulie, ndipo mayai yatiwe. Andikeni tarehe. Mayai ya kuku ni siku 21. Ya bata mzinga ni siku 28. Ya yule bata mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye wengi wetu twamfuga, ni siku 35. Kwa hiyo msichanganye jamaa hawa katika sanduku moja.

Siku ya 7 usiku, yapimeni mayai kwa mwanga. Chukueni tochi na kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo, mwangaze yai katika giza. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotapakaa kama miguu ya buibui. Yai jeupe lote halina kitu. Yai lenye pete ya damu lilianza kisha likafa. Haya mawili yatolewe, kwa sababu yai viza laweza kupasuka na kuyaharibu mengine. Siku ya 18 pimeni tena. Wakati huo kifaranga amejaza yai na nafasi ya hewa ni kama theluthi moja.

Tangu siku hiyo ya 18, acheni kugeuza, ongezeni maji, na fungeni mlango. Hapa ndipo palipo na jaribu kubwa. Mtasikia sauti ndani ya maganda. Mtaona yai limetoboka, kisha saa zikapita na kifaranga hajatoka. Mtatamani kufungua na kumsaidia. Msifungue. Kila mlango ufunguliwapo, unyevu hutoka, na ngozi ya ndani hukauka ikawabana wale ambao bado. Vifaranga wetu wengi wa mara ya kwanza walikufa hivyo, midomo yao ikiwa imekwisha toboa ganda. Tuliwaua kwa mapenzi. Tangu kutoboa hata kutoka, kifaranga aweza kuchukua nusu siku, hata siku nzima. Naye akisha kutoka, mwacheni akauke manyoya. Hana njaa, kwa sababu kiini cha yai kimeingia tumboni mwake, nacho chatosha kumlisha siku mbili.

Wahenga walisema, “Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.” Kuku akiangua, vifaranga wana mama. Mashine ikiangua, wametoka yatima 30 kwa siku moja. Kabla hata ya kutia mayai, mwe mmekwisha tayarisha mahali pa kuwalelea: boma dogo la mviringo lisilo na pembe, maranda makavu ya mbao chini, na joto la digrii 33 hadi 35 kwa juma la kwanza, kisha lipunguzwe digrii 3 hivi kila juma. Vifaranga wenyewe watawaambia. Wakisongamana chini ya joto na kulia, waona baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuhema, waona moto. Wakitawanyika wakila na kulala, wameridhika. Maji wapewe katika chombo kifupi chenye vijiwe ndani, wasizame. Lango lizuie paka, panya na nguchiro. Na mwulizeni bwana mifugo habari za chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ipo chanjo ya matone, tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtu atoaye vifaranga wengi bila chanjo anaulishia ugonjwa huo.

Iko na njia nyingine, ambayo twaipenda. Mkiona kuku ameanza kulalia, tieni mayai katika mashine siku hiyo hiyo. Siku ya 21 vifaranga wake watatoka pamoja na wa mashine. Usiku, gizani, watieni baadhi ya wale yatima chini ya mbawa zake. Kukikucha atawatembeza wote, maana hajui hesabu. Hivyo mashine na kuku husaidiana.

Mwisho tuseme juu ya amana. Mwenye mashine kijijini hataachwa kuletewa mayai ya watu. Ni jambo jema, lakini agizo litangulie. Semeni wazi mbele ya mwenye mayai kwamba si yote yatakayotoka. Patanieni kwanza vifaranga watagawanywaje, na hasara itakuwa ya nani. Kila yai litiwe alama ya mwenyewe. Msipokee yai la mtu kabla ninyi wenyewe hamjaangua mara mbili kwa mayai yenu na kufanikiwa. Mayai 15 kwa tajiri si kitu, bali kwa mama mwenye kuku wanne ni chumvi, ni sabuni, ni daftari la mtoto.

Na mtu mwenye kuku watatu au wanne, asiyekuwa na moto wa hakika wala nafasi ya kurudi nyumbani mchana kugeuza mayai, twamwambia bila kumficha: mashine haikufai kwa sasa. Mtengenezee kuku wako kiota kikavu penye kivuli, mpe chakula na maji karibu, mlinde na kicheche. Wahenga walisema, “Kuku havunji yai lake.” Atakufanyia kazi hiyo vizuri kuliko sanduku lolote lisilo na mtu wa kulitunza.

Ama sisi, tuliisafisha mashine yetu kwa sabuni, tukaianika juani, tukaihamishia chumba cha ndani. Tukashusha kipimajoto usawa wa mayai. Mara ya pili tulitia mayai 40 yetu wenyewe, na siku ya 18 tukafunga mlango, tukampa mtu mwingine ufunguo. Walitoka vifaranga 28. Mara ya tatu jirani yetu alikuja mwenyewe na mayai 15 katika ungo, wala hatukuwa tumemwomba. Akayaweka mezani, akauliza, “Mmekwisha mwuliza mwenye kazi yake?” Tukamjibu kwamba tumemwuliza.